Kifungo cha Nje ya Ukuta

Jua halijapanda vizuri juu ya mawe ya Buzuruga, Odeta ameshakwenda ziwani na kurudi. Mtungi kichwani, mtoto mgongoni, mdomo unaongea. Odeta alikuwa mfupi, mfupi kweli, lakini ukimsikia kutoka nje ya ua ungedhani ndani kuna wanawake watatu.

"Malimi," alimwita mumewe, "michembe iko jikoni na karanga zake. Kula kwanza, ndipo ukawalimie hao watu wako."

"Nakula huku natembea," Malimi alijibu. Akachota michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, kiganjani, akatia jembe begani, akatoka.

Miaka ile Waingereza ndio waliotawala Tanganyika, na vita ya Hitler ilikuwa bado. Pamba ilikuwa ndiyo kila kitu. Malori ya akina Shantilal, wanunuzi wa pamba, yalipita barabara ya Magu yamejaa marobota mpaka yanayumba. Na kule Buzuruga, ukitaja pamba lazima utaje elika. Elika ni kikundi cha kulima cha Wasukuma. Watu wanakwenda shamba la huyu leo, la yule kesho, wanalima kwa ngoma, mpaka mashamba yote yameisha.

Kiongozi wa elika yao alikuwa Malimi. Na alistahili, bwana. Ngoma ikilia, Malimi anarusha jembe juu, linazunguka hewani, analidaka kwa mkono mmoja bila kukosea hatua. Watoto walikuwa wanaacha mbuzi waje wamwangalie.

Ila kulikuwa na desturi moja. Shamba la kiongozi huwa la mwisho. Kiongozi akianza na lake, watu watasema ana tamaa. Basi Malimi kila mwaka alisubiri wenzake wote wamalize.

Desturi hiyo ndiyo iliyomponza.

Sheria ilisema kwamba ukishavuna pamba, miti yake ya zamani uing'oe yote uichome kabla ya mvua. Bwana shamba alikuwa amezunguka akieleza. Wadudu wanaokula pamba wanajificha kwenye miti ile mikavu. Ukiiacha, mvua ikinyesha wanatoka, wanahamia pamba mpya, yako na ya jirani. Watu wa Buzuruga walielewa. Elika ikang'oa, ikachoma. Ikang'oa kwa huyu, ikachoma kwa yule. Siku ya mwisho ikafika, na shamba moja tu lilikuwa bado limesimama na miti yake.

La nani? La Malimi.

Bwana shamba hakuuliza habari za desturi. Alikuta miti, akaandika miti. Baraza la mtemi likampa Malimi miezi miwili.

Odeta alihesabu kwa vidole. Miezi miwili, na mvua ndiyo hiyo inakuja. Elika nayo ina sheria yake, haiingii shamba kama mwenyewe hayupo. Mwenyewe lazima apige jembe la kwanza, ndipo wengine waingie. Malimi akiwa gerezani Mwanza, nani atapiga jembe la kwanza? Shamba litabaki pori. Mwaka mzima wa njaa, na mtoto bado ananyonya.

Malimi alirudi Jumamosi jioni kutoka bomani, alikopelekwa mbele ya Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, uso umekunjamana.

"Wamekuachia?" Odeta aliuliza.

"Mpaka Jumatatu. Chenge amenidhamini. Jumatatu nakwenda kujibu."

"Kujibu nini tena? Si umeshahukumiwa?"

"Bwana Shauri ameniuliza kama nataka kufungwa ndani au nifanye kazi ya barabara nirudi kulala nyumbani." Malimi akatema mate pembeni. "Nitamwambia ndani."

Odeta alidhani masikio yanamdanganya. "Ndani? Unaambiwa ulale kwako, wewe unataka ndani?"

"Barabara yenyewe ni hii ya Magu, Odeta. Hii hii inayopita hapa mbele. Nichimbe mtaro huku dunia nzima inapita? Maige atapita. Unamjua Maige."

Nani asiyemjua Maige? Maige alikuwa mwimbaji wa Bagika, na Malimi alikuwa wa Bagalu. Hizo ni ngoma mbili za Wasukuma zinazoshindana tangu zamani, na silaha yao ni wimbo. Ukijikwaa leo, kesho umeimbwa. Maige aliwahi kumwimba mtu aliyeanguka kwenye matope, mtu yule akahamia Magu.

"Ndani ya ukuta hakuna anayeniona," Malimi alisema. "Miezi miwili nimefichika. Natoka, yamekwisha."

"Na shamba?"

Malimi aligeuka. Aliingia ndani akalala na njaa.

Kesho yake, baada ya misa, Odeta alikwenda kwa Chenge. Chenge alikuwa jirani yao, mkalimani wa bomani kule Nyamagana. Kila asubuhi alitoka Buzuruga na viatu mkononi, akavivaa akifika mjini, maana alisema viatu ni vya kazi na barabara ni ya miguu. Odeta alimkuta amekaa kwenye kigoda akivipaka mafuta.

"Shikamoo, baba Mhoja."

"Marahaba, mama. Kaa. Nilijua utakuja. Mumeo jana alitembea njia nzima bila kusema neno, na mimi peke yangu siwezi kuongea kutoka Nyamagana mpaka hapa."

"Baba Mhoja, hebu nieleze hiki kifungo cha barabara. Ni kitu gani? Mtu anafungwaje halafu analala kwake?"

Chenge aliweka kiatu chini. Alikuwa mtu anayependa kueleza, na alieleza vizuri, polepole, kama anayemenya ndizi.

"Kwa Kiingereza wanakiita ekstra-myuro leba," alisema. "Mimi mwenyewe nilipoisikia mara ya kwanza ulimi uligongana na meno. Nikamuuliza karani mkuu, ni kitu gani hiki? Akaniambia si Kiingereza cha asili. Waingereza wameyachukua maneno hayo kwa Warumi wa kale. Kilatini."

"Kile cha misa?"

"Kile kile anachosomea Padre. Ekstra maana yake nje. Murus maana yake ukuta. Miji ya Warumi ilizungushiwa ukuta wa mawe. Mambo yaliyokuwa nje ya ukuta yakaitwa hivyo, ya nje ya ukuta. Na leba ni kazi, nayo ni ya Kilatini. Sasa ukiyaunganisha yote unapata nini?"

Odeta alifikiri. "Kazi ya nje ya ukuta."

"Umeona? Neno refu, maana fupi. Ukuta hapa ni ukuta wa gereza. Mtu amehukumiwa, ni mfungwa kweli, lakini adhabu yake anaifanyia nje. Asubuhi anakwenda kazini. Barabara, mtaro, kukata majani ya hospitali. Kazi ya faida kwa watu wote. Jioni anarudi kwake."

"Na pingu?"

"Hakuna pingu. Lakini si mchezo, mama. Akikosa kazi bila sababu, anaingizwa ndani amalizie huko. Na si kila mtu anapewa. Ni ya kifungo kifupi. Muuaji haombi hiyo."

"Kwa nini waliifikiria?"

Chenge akacheka kidogo. "Kwa sababu gereza lilikuwa linajaa watu kama Malimi. Fikiria. Huyu kavunja duka la watu, huyu kachelewa kung'oa miti ya pamba. Wanalala chumba kimoja, wanakula sahani moja. Wa miti ya pamba anatoka anajua kufungua kufuli. Huku nyuma shamba limekufa, watoto wamekonda. Adhabu ilikuwa ya mtu mmoja, imekula nyumba nzima. Ndiyo sheria ikasema, huyu mwenye kosa dogo alipe kwa jasho lake, lakini nyumba yake isife."

Odeta alisogea karibu.

"Basi Bwana Shauri si aseme tu? Amwandikie barabara, Malimi aende."

"Hawezi. Hapo ndipo penye shida yako. Sheria inataka mfungwa akubali mwenyewe, kwa mdomo wake. Akisema hapana, anaingia ndani. Mimi natafsiri tu, mama. Siwezi kutafsiri ndiyo kama mtu amesema hapana."

Odeta alisimama, akajifunga kanga vizuri.

"Asante, baba Mhoja. Paka viatu. Kesho utakuwa na kazi."

Alimkuta Malimi nyuma ya nyumba, anang'oa miti ya pamba. Peke yake. Alikuwa ameshang'oa karibu shamba lote, mikono inatoka damu. Kosa lilishaandikwa, hukumu imeshatoka, na bado anang'oa ili pamba ya jirani isipate wadudu. Odeta alisimama akamwangalia kwa muda. Alikuwa amekuja na maneno makali. Aliyameza nusu.

"Malimi, Maige akipita barabarani atakuona. Ni kweli. Na nani mwingine atapita?"

"Kila mtu. Si ndiyo nasema?"

"Haya, wataje. Ndalahwa mwenzako wa elika atapita. Miti ya Ndalahwa aling'oa nani?"

Malimi aling'oa mti mwingine.

"Wale ndugu wawili wa kule mawe makubwa watapita. Yao aling'oa nani? Yule mjane wa jirani, yake aling'oa nani? Miti yako ilibaki kwa sababu ulikuwa kwenye mashamba yao. Halafu wewe ndiye unayekwenda kujificha? Acha wapite. Acha wakuone. Wakiona mtu mwenye jembe kwenye mtaro, wajue mashamba yao safi yamelipiwa na nani."

"Maneno yako mazuri," Malimi alisema. "Lakini wimbo hauulizi nani alimng'olea nani. Wimbo unacheka tu."

"Basi utucheke sisi wawili. Nitakuletea chakula mchana. Si kwa njia ya nyuma. Katikati ya barabara, chungu kichwani, nitakaa na wewe ule, na Maige akitaka aje anawe mikono."

Malimi alimwangalia. Akataka kucheka, akakumbuka shida yake, akarudi kung'oa.

"Na shamba," Odeta alisema taratibu. "Elika inataka mwenyewe apige jembe la kwanza. Ukilala hapa, alfajiri unapiga jembe lako moja, unakwenda barabarani. Wao wanaendelea. Ukilala gerezani, nani atapiga?"

Malimi aling'oa mti wa mwisho. Jioni walichoma miti yote. Moshi ulipanda moja kwa moja, na Odeta hakujua bado mumewe atasema nini.

Jumatatu alikwenda naye bomani. Alisimama mlangoni na mtoto mgongoni, na askari akamwacha. Bwana Shauri, Mwingereza kijana aliyeungua pua kwa jua, aliuliza swali lake. Chenge, viatu vinang'aa, akalitafsiri: "Malimi, unakubali kutumikia kifungo chako kwa kazi ya nje ya gereza, au hukubali?"

Malimi aliitazama mikono yake. Nje kunguru walikuwa wanagombana juu ya bati. Bwana Shauri akachukua kalamu. Odeta aliona ile kalamu inashuka.

"Naomba kuuliza," Malimi alisema. "Mtu anaweza kwenda na jembe lake mwenyewe?"

Chenge akatafsiri. Bwana Shauri akasema inaruhusiwa.

"Basi nimekubali. Majembe ya Serikali nimeyaona. Mipini yake imepinda."

Chenge alitafsiri kukubali kwanza. Habari za mipini akazitafsiri kwa upole zaidi kuliko zilivyosemwa.

Kazi ikaanza wiki ile ile. Na wimbo nao haukuchelewa. Siku Malimi alipokuwa mtaroni karibu na kwao, Maige alitokea na vijana wake wa Bagika, wanatoka mjini, ngoma mgongoni. Maige alikuwa mwembamba, macho yanacheka kabla ya mdomo. Akasimama ukingoni, akaimba:

"Malimi kapewa mke mpya, jamani.
Mke mrefu, hana mwisho.
Mguu mmoja uko Mwanza, mguu mwingine uko Magu.
Malimi anamkuna mgongo tangu asubuhi."

Vijana walianguka kwa kicheko. Hata wafungwa wenzake mtaroni walicheka, na ukweli ni kwamba wimbo ulikuwa mzuri. Wapita njia wakasimama. Malimi aliinamisha kichwa, akakaza mpini.

Na hapo hapo, katikati ya barabara, Odeta akatokea na chungu kichwani. Alikuwa amesikia wimbo tangu mbali. Hakupunguza mwendo wala hakushika njia ya pembeni. Alipita katikati ya vijana wa Bagika kama anayepita katikati ya mbuzi, akafika ukingoni akasimama.

Malimi aliinua uso. Alimwona mkewe amesimama pale juani, mbele ya watu wote, shingo imenyooka. Alirusha jembe juu. Likazunguka, likameta, akalidaka kwa mkono mmoja. Akaimba:

"Huyo mrefu ni wa Serikali, Maige.
Jioni namwacha hapa hapa.
Wangu ni huyu, mfupi, ana chungu,
na mwisho wake ni mlangoni kwangu."

Watu walipiga vigelegele. Ndalahwa, aliyekuwa amesimama na ng'ombe wake, alicheka mpaka akashika fimbo kwa mikono miwili. Maige akamtazama Malimi, akamtazama Odeta, akatikisa kichwa.

"Ngosha," alisema, yaani mwanamume, "umeniweza leo."

"Kaa ule," Odeta alimwambia. "Ni ugali na samaki, furu wa ziwani. Kuimba kunatia njaa."

Hakukaa. Lakini kuanzia siku ile wimbo wa Maige ulikuwa na jibu lake, na watoto waliimba vyote viwili, na waliipenda zaidi sehemu ya chungu.

Mvua iliponyesha, elika ilikuja shambani kwa Malimi kukiwa na ukungu bado. Malimi alipiga jembe la kwanza. Udongo ukageuka, mweusi, unanukia mvua. Akapiga la pili kwa sababu alitamani tu, kisha akaliweka begani akaenda barabarani. Ngoma ikalia nyuma yake. Jioni aliporudi, shamba lote lilikuwa limelimwa. Hakulala gerezani hata siku moja, na hakukosa kazi. Kifungo kilipokwisha, mtaro ule ulikuwa umenyooka hivi kwamba maji ya mvua hayakugusa barabara.

Mwaka uliofuata elika ilikaa ikabadilisha desturi. Ndalahwa ndiye aliyesema. Kwenye kulima, shamba la kiongozi liendelee kuwa la mwisho, hiyo ni heshima. Lakini kwenye kung'oa miti ya pamba, shamba la kiongozi liwe la kwanza, maana wadudu hawajui heshima. Wote wakakubali. Mashamba ya elika yakawa safi mapema, na pamba yao ikatoka nyeupe, nzito, hata wanunuzi wakauliza ni ya wapi.

Maige hakuwa kwenye elika ile. Mwaka huo alizunguka na ngoma kijiji hadi kijiji, akashangiliwa kila mahali, na miti yake ya pamba ikamsubiri nyumbani. Bwana shamba naye akafika.

Alasiri moja Odeta alikuwa akianika dagaa. Maige akasimama nje ya ua, kofia mkononi.

"Mayu," alisema, yaani mama. Hakuwahi kumwita hivyo. "Nimepewa mwezi na nusu. Nataka kuuliza lile jambo la nje ya ukuta. Mtu anasemaje?"

"Anasema amekubali. Kwa mdomo wake. Hakuna zaidi."

"Basi." Alizungusha kofia. "Ila mke wangu Teodora anaona aibu. Anasema hatoki na chungu barabarani mimi nikiwa mtaroni. Anasema tutaimbwa."

"Mtaimbwa," Odeta alisema. "Mwambie aje kesho asubuhi. Tutapika pamoja."

Siku ya kwanza ya Maige mtaroni, Malimi alikuwa pale ukingoni tangu mapema. Alikuwa na wimbo, ameutunza mwaka mzima. Bagalu walijikusanya kusikia, na Maige alisubiri, kichwa chini, mikono imekaza mpini.

Wakatokea wanawake wawili katikati ya barabara, chungu na chungu. Mmoja mfupi anaongea, mmoja mrefu anatetemeka. Teodora alikuwa mrefu kupita wanaume wengi. Alipoona umati alitaka kurudi. Odeta akamshika kiwiko, wakaja.

Malimi alifungua mdomo. Watu wakasogea. Na hakuimba ule wimbo aliokuwa ameutunza. Aliimba mstari mmoja wa zamani, kisha akamnyooshea Maige mkono amalizie.

"Huyo mrefu ni wa Serikali, jamani. Jioni tunamwacha hapa hapa..."

Maige aliinua uso, akamwona mkewe. Macho yake yakaanza kucheka kabla ya mdomo, kama zamani.

"Wangu naye mrefu," aliimba, "lakini huyu amekuja na chakula."

Teodora alicheka mpaka chungu kikatikisika, na Odeta akakiwahi kwa mikono miwili.